Baba Humkabidhi Mwana Nini? Uhusiano wa Baba na Mwana katika Bunilizi Zilizochipuka kutoka Tendi za Kiyunani: Usomaji kutoka Izigo, Muleba

IKISIRI

Makala hii inachunguza uhusiano wa baba na mwana katika bunilizi za kisasa zilizochipuka kutoka tendi za Kiyunani, hususani riwaya za Ransom ya David Malouf (2009) na Circe ya Madeline Miller (2018). Riwaya hizo zinasomwa sambamba na tendi za Homer na Utenzi wa Fumo Liyongo. Usomaji umewekwa katika muktadha wa jamii ya Wahaya wa Izigo, wilayani Muleba, ambako kibanja ndicho mahali baba na mwana wanapotambuana. Hoja inayotetewa ni kwamba katika matini hizi damu peke yake haimfanyi mtu kuwa mwana. Uana huthibitishwa na maarifa ambayo baba humkabidhi mtoto wake, na maafa huanza pale maarifa hayo yanapokosekana, yanapochelewa au yanapokabidhiwa kwa mtu aliyekwisha kununuliwa na wengine. Neno "mwana" limetumika katika makala hii kwa maana ya mtoto wa kiume.

1.0 Utangulizi

Karibu na mwisho wa Odyssey, baada ya wachumba waliovamia nyumba yake kuuawa, Odysseus anakwenda shambani kwa baba yake. Laertes ni mzee aliyedhoofu kwa majonzi. Amevaa nguo zenye viraka na anapalilia shina la mti. Mwana aliyekuwa mbali kwa miaka 20 anaombwa ushahidi kwamba yeye ndiye. Kwanza anaonyesha kovu la jeraha alilolipata ujanani kwa jino la nguruwe mwitu. Kisha anatoa ushahidi wa pili: anaitaja miti ambayo baba yake alimgawia alipokuwa mtoto mdogo, akimfuata nyuma bustanini na kuuliza jina la kila mti. Mipeasi 13, mitufaha 10, mitini 40 na safu 50 za mizabibu. Hapo magoti ya mzee yanalegea, naye anamkumbatia mwanawe.

Tukio hili limekuwa na bahati mbaya katika historia ya uhakiki. Wahakiki wa kale wa Aleksandria, Aristophanes wa Byzantium na Aristarchus, waliona kwamba utendi ulifikia tamati yake mapema zaidi, pale Odysseus na Penelope walipokutana tena katika chumba chao. Kwa mtazamo huo, safari ya shambani ni kiambatisho tu. Makala hii inashikilia mtazamo ulio kinyume. Kwa msomaji aliyelelewa katika jamii ambayo urithi wa shamba hupita kwa baba kwenda kwa mwana, hadithi haiwezi kuisha kabla shamba halijatajwa. Mke amemtambua mume na watumishi wamemtambua bwana wao. Lakini aliyepanda miti hiyo bado hajaambiwa kwamba anayeijua yu hai.

Swali linaloongoza makala hii linatokana na tukio hilo: katika bunilizi zinazoisimulia upya dunia ya Homer, baba humkabidhi mwana nini, na nini hutokea asipomkabidhi?

2.0 Muktadha wa Usomaji: Kibanja na Enanga

Izigo ni kata katika Wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, kusini mwa Bukoba na magharibi mwa Ziwa Victoria. Kama ilivyo sehemu kubwa ya nchi ya Wahaya, msingi wa makazi ya jadi ni kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Kibanja hutofautishwa na rweya, ambayo ni uwanda wa nyasi ulio nje ya makazi. Katika kibanja ndimo wanamozikwa waliotangulia, na kwa hiyo shamba ni chakula, ni makazi na ni kumbukumbu ya ukoo kwa wakati mmoja. Mipaka yake huonyeshwa kwa mimea ya kudumu kama mlamula, ambayo huendelea kusimama mahali pake hata aliyeipanda akiwa ameondoka.

Kwa mujibu wa mila za Kihaya zilizoandikwa na Cory na Hartnoll (1945), urithi ulifuata upande wa baba, na mrithi mkuu aliitwa musika. Hata hivyo, jina la musika halikutosha bila ujuzi wa kile kinachorithiwa. Mipaka isiyo na hati hutunzwa katika kumbukumbu za watu: nani alipanda wapi, njia ilipita wapi, kaburi la nani liko chini ya mgomba upi. Ujuzi wa namna hiyo hupatikana kwa kutembea na anayejua, jinsi Odysseus mdogo alivyomfuata Laertes.

Muktadha wa pili ni wa kisanaa. Wahaya wana utamaduni wa tendi simulizi zinazoimbwa na manju kwa kufuatana na enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa katika kipande kimoja cha mti mfano wa hori. Ruth Finnegan (1970) alitilia shaka kuwapo kwa utendi kama utanzu unaojitegemea katika Afrika kusini mwa Sahara. Mulokozi alijibu kwa ushahidi wa enanga, kwanza katika makala yake ya mwaka 1983 na katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye katika kitabu chake kuhusu mjadala wa utendi wa Kiafrika (2002). Mjadala huo una umuhimu wa kimbinu hapa. Unamruhusu msomaji wa Muleba kumkabili Homer akiwa mtu anayetoka katika utamaduni wenye tendi zake, ambaye ana haki ya kuziuliza tendi za wengine maswali yanayotokana na maisha ya kwao.

3.0 Mkabala wa Uchambuzi

Uchambuzi umeongozwa na dhana mbili. Ya kwanza ni mwingilianomatini, iliyoasisiwa na Julia Kristeva, inayoichukulia kila matini kuwa ni mahali ambapo matini nyingine hukutana na kugeuzwa. Riwaya ya kisasa inayomrejelea Homer haimnakili. Hujibu jambo ambalo Homer aliliacha wazi. Dhana ya pili ni utambuzi, ambayo Aristotle aliieleza kuwa ni badiliko la kutoka katika kutojua kwenda katika kujua. Aristotle mwenyewe alibainisha kwamba Odyssey imejaa utambuzi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Makala hii inaongeza kipengele kimoja katika dhana ya utambuzi. Ili mtu atambuliwe kwa maarifa aliyonayo, lazima awepo mtu aliyempa maarifa hayo hapo kabla. Utambuzi ni mavuno. Makabidhiano ndiyo upanzi. Kwa sababu hiyo, uchambuzi unaanza na makabidhiano.

4.0 Uchambuzi

4.1 Mwana aliyeachiwa sifa tupu

Telemachus alikuwa mtoto mchanga Odysseus alipokwenda Troy. Katika kitabu cha kwanza cha Odyssey, Athena, aliyejigeuza mgeni, anamuuliza kama yeye ni mwana wa Odysseus. Kijana anajibu kwamba mama yake husema hivyo, lakini yeye mwenyewe hajui, kwa kuwa hakuna anayeweza kujua mwenyewe asili yake. Jibu hilo lina uchungu. Telemachus ana jina la baba, ana nyumba ya baba na anasikia sifa za baba kila anakokwenda. Kitu asichokuwa nacho ni jambo lolote alilowahi kuonyeshwa na baba huyo. Hali hiyo ndiyo inayowapa wachumba nguvu: wanakula mifugo na kunywa mvinyo wa nyumba ambayo mrithi wake hana uhakika wa urithi wake.

Miller anaanzia kwenye pengo hilo na kulipanua. Katika Circe, baba amerudi, maadui wamekufa, na bado mwana hana baba. Odysseus wa riwaya hii ni mtu aliyeharibiwa na vita, mwenye hasira na shuku. Jambo zito analomwachia Telemachus ni amri ya kuwaua wajakazi waliolala na wachumba. Homer anasimulia tukio hilo kwa mistari michache: Telemachus anawanyonga wanawake 12, na simulizi inaendelea. Kwa Miller, Telemachus hawezi kuendelea. Anakiri kitendo hicho kwa Circe kama mtu aliyebeba mzigo ambao hakuuchagua. Laertes alimpa Odysseus miti. Odysseus alimpa Telemachus kamba ya kunyongea.

Kutokana na hilo, uamuzi wa Telemachus mwishoni mwa riwaya unaeleweka. Athena anamtaka akaanzishe ufalme mpya, naye anakataa. Msomaji anaweza kuuona uamuzi huo kama woga au kukosa hamu ya makuu. Kwa mtazamo wa makala hii, ni kukataa urithi wa aina moja ili kutafuta mwingine. Mwana aliyefundishwa kuua peke yake anaamua kutopokea kiti ambacho kitamdai aendelee kuua.

4.2 Siri ya kifo: Telegonus na mwana wa Liyongo

Utendi wa kale uitwao Telegony umepotea, na maudhui yake yanajulikana kupitia muhtasari uliohusishwa na Proclus. Ulisimulia habari za Telegonus, mwana wa Odysseus na Circe, aliyekwenda kumtafuta baba yake na kumuua bila kumjua. Miller anakitumia kisa hicho kwa kukiongezea jambo moja muhimu. Mkuki wa Telegonus una ncha ya mkia wa Trygon, kiumbe wa baharini mwenye sumu, na Circe aliupata mkia huo kwa ajili ya kumlinda mwanawe. Odysseus anamdhania kijana huyo kuwa ni mvamizi, na katika purukushani ya kugombea mkuki anajeruhiwa na kufa. Silaha ya ulinzi inamuua baba kwa sababu baba na mwana hawakuwa na alama yoyote ya kujuana.

Msomaji wa Kiswahili anapofika hapo hawezi kukosa kumkumbuka Fumo Liyongo. Katika utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na kuhaririwa na Mulokozi katika Tenzi Tatu za Kale (1999), shujaa asiyeshindwa kwa mshale wala kwa kifungo anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni. Visa hivi viwili vinakaribiana sana: shujaa mwenye hila nyingi, mwana aliyezaliwa na mwanamke wa mbali, silaha ndogo yenye ncha ya pekee. Kufanana huku hakuhitaji kuelezwa kwa kudai kwamba kisa kimoja kilisafiri kutoka kwa kingine. Chenye manufaa zaidi ni kuangalia vinapotofautiana.

Telegonus anaua kwa kutojua, kama afanyavyo Edipode katika tamthilia ya Sophocles, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kupitia tafsiri ya Samuel Mushi. Mwana wa Liyongo anaua kwa kujua. Mtawala wa Pate amemshawishi kwa ahadi za cheo na ndoa, naye anakwenda kwa baba kuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo anabaini kwamba swali hilo limetumwa, na bado analijibu. Katika mkabala wa Kiyunani maafa yanatokana na maarifa yaliyokosekana. Katika mkabala wa Kiswahili maafa yanatokana na maarifa yaliyotolewa kwa ukamilifu, kwa mpokeaji ambaye moyo wake umekwisha kuuzwa.

Kwa nini Liyongo anasema? Utenzi unatoa nafasi ya kulifikiria jibu. Mwana huyo alizaliwa kutokana na ndoa iliyopangwa na Wagala, waliotaka mbegu ya shujaa kwa ajili ya watu wao. Tangu mwanzo alitakiwa kwa nguvu ya damu yake, na utenzi hauonyeshi baba na mwana wakiishi pamoja katika malezi. Siri ya kifo ndiyo jambo kubwa tunaloonyeshwa Liyongo akimpa mwanawe. Baba ambaye hakupata nafasi ya kukabidhi shamba anakabidhi uhai wake, pengine kwa kuwa kumnyima mwana anachokiomba kungekuwa ni kukiri kwamba hana mwana. Mwisho wa kijana ni fedheha na mauti, na alichoahidiwa hakukipata. Utenzi unatoa onyo kwa pande zote mbili: mwana asitumwe na mwingine kwa baba yake, na baba asingoje siku ya mwisho ndipo aanze kusema.

4.3 Baba asiyewajua wanawe

Malouf anaelekea upande wa pili wa uhusiano huu. Ransom inasimulia upya kitabu cha 24 cha Iliad, ambamo mfalme Priam anakwenda usiku katika kambi ya adui kuukomboa mwili wa mwanawe Hector. Homer anampa Priam wana 50. Malouf anauliza swali ambalo idadi hiyo inalificha: je, mtu mwenye wana 50 humjua hata mmoja wao?

Jibu linapatikana njiani. Priam anavua alama za ufalme na kupanda mkokoteni unaovutwa na nyumbu, akiongozwa na Somax, mtu wa kawaida aliyefiwa na wanawe. Somax anazungumza kuhusu watoto wake kwa mambo madogo madogo: tabia zao, makosa yao na namna walivyokufa. Kwa kumsikiliza, mfalme anatambua kwamba amewaomboleza wanawe kwa desturi ya kifalme, na kwamba hana kumbukumbu za aina hiyo hata kwa Hector. Mwendesha mkokoteni asiye na ufalme wa kurithisha anamzidi mfalme kwa utajiri wa ubaba.

Malouf anaikamilisha hoja yake kupitia Neoptolemus, mwana wa Achilles aliyelelewa mbali na baba. Kilichomfikia kutoka kwa baba ni jina na deni la kisasi. Katika sura ya mwisho, riwaya inaonyesha jinsi atakavyokuja kumuua Priam, yule yule ambaye Achilles alimkirimu na kumrudisha salama. Mwana anadhani anaitimiza haki ya baba yake, na kumbe anaivunja huruma ambayo baba huyo alifikia katika usiku wake bora kuliko yote. Hakuwepo mtu wa kumsimulia usiku ule.

5.0 Mjadala

Matini zilizochambuliwa zinaonyesha namna tatu za makabidhiano. Ya kwanza ni makabidhiano ya wakati wake: Laertes anampa mtoto miti angali mdogo, na miaka mingi baadaye miti hiyo inamrudishia mwana. Ya pili ni makabidhiano yaliyokosekana: Telemachus, Telegonus na Neoptolemus wanarithi majina ya mashujaa bila kurithi neno la baba. Ya tatu ni makabidhiano yaliyochelewa: Liyongo anasema mbele ya mtu aliyekuja kumuua, na Priam anajifunza ubaba mwanawe akiwa maiti.

Uainishaji huu una uzito wa pekee katika Izigo na nchi jirani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walibainika mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliwachukua watu wengi wa umri wa kulea. Kabla ya hapo, Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 vilikuwa vimepita katika mkoa huo huo. Mtoto aliyebaki na babu au bibi, baba akiwa amelala chini ya migomba, anaisoma nafasi ya Telemachus bila kuhitaji maelezo ya chini. Anajua maana ya kuambiwa kwamba shamba ni lake na kutojua linaishia wapi. Anajua pia kwamba wachumba wa Penelope wana ndugu zao katika kila jamii: watu wanaosogeza mipaka wakijua kwamba aliyeijua hayupo tena kusema.

Jambo la pili ambalo usomaji huu unalifichua ni mipaka ya matini zenyewe. Mnyororo wa Laertes, Odysseus na Telemachus unawaacha mabinti nje, kama ulivyofanya urithi wa jadi wa Kihaya. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri lililohusu ardhi ya ukoo mkoani Kagera, iliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuiuza ardhi aliyoirithi sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ilitambua haki sawa ya mwanamke kuhusu ardhi. Iwapo uana ni suala la maarifa, hakuna sababu ya maarifa hayo kuchagua jinsia. Inafaa kukumbuka kwamba katika riwaya ya Miller msimulizi ni mwanamke, na kwamba kupitia sikio lake ndipo Telemachus anapata mahali pa kusema aliyonyamazia kwa baba yake. Bunilizi ya kisasa inaanza kufungua mlango ambao utendi uliufunga.

Jambo la tatu linahusu uhakiki linganishi katika Kiswahili. Ulinganishi umekuwa ukifanywa mara nyingi ili kuthibitisha kwamba Afrika nayo ina tendi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na imefanywa vyema. Hatua inayofuata ni kuzitumia tendi zetu kama nyenzo za kuwasomea wengine. Liyongo anamsaidia msomaji kuona jambo ambalo kisa cha Telegonus hakilisemi: kwamba kujua peke yake hakumwokoi baba, kama mwana hakulelewa katika kujua huko. Kibanja nacho kinasaidia kuirudisha bustani ya Laertes mahali pake, yaani kwenye kilele cha Odyssey.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba katika Ransom na Circe, pamoja na tendi zinazozizunguka, uhusiano wa baba na mwana hupimwa kwa kile kilichokabidhiwa na kwa wakati kilipokabidhiwa. Baba anayeacha sifa peke yake humwachia mwana utupu ambao wengine wataujaza kwa kisasi, kwa tamaa au kwa uvamizi. Baba anayemtembeza mtoto shambani na kumtajia majina ya vitu humwachia ushahidi usioibika.

Odysseus alipoulizwa yeye ni nani, hakutaja Troy wala farasi wa mbao. Alitaja kovu lake, kisha akahesabu miti. Katika kibanja cha Izigo ushahidi huo ungekubaliwa bila kuhitaji tafsiri: mtu anayeweza kusema mlamula huu ulipandwa na nani, na kaburi lile ni la nani, hahitaji shahidi mwingine wa kumthibitisha kuwa ni mwenyeji wa pale. Kwa jamii iliyozika wazazi wengi kabla hawajamaliza kusema, kuandika, kusimulia na kuwatembeza watoto shambani, wa kiume na wa kike, ni kazi ya fasihi na ni kazi ya haki kwa pamoja.